Kugawa intaneti ya setilaiti katika boma lenye nyumba kadhaa

Tangu huduma ya intaneti ya setilaiti ya Starlink ilipoanza nchini Kenya mwezi wa Julai 2023, dishi jeupe la mstatili limekuwa jambo la kawaida katika vijiji vya Kilifi, Kwale na Taita ambako faiba haijafika na mnara wa simu uko mbali. Malalamiko yanayofuata ununuzi huo yanafanana: sebuleni kasi ni nzuri ajabu, lakini ukivuka ua hadi nyumba ya vijana, au ukienda dukani kando ya barabara, mtandao unakatikakatika au hauonekani kabisa. Mwenye boma huilaumu setilaiti, hali kasoro iko chini, katika mita chache za mwisho, ambako mawimbi ya Wi-Fi yanalazimishwa kupenya kuta nene za mawe ya matumbawe na kuzunguka mabati.

Mwongozo huu unahusu boma la aina hiyo: nyumba kubwa ya mawe iliyoezekwa mabati, jiko la nje, nyumba ya vijana upande wa pili wa ua, na duka lililo umbali wa mita 60 hivi. Rai yangu, ambayo hatua zote zinaiegemea, ni kwamba kazi ya kuivusha intaneti kutoka jengo moja hadi jingine ifanywe na waya, na Wi-Fi iachiwe kazi ya ndani ya vyumba peke yake.

Hatua ya kwanza: mahali pa dishi

Setilaiti za Starlink huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 550 hivi, na kila moja huonekana kutoka bomani kwa dakika chache tu kabla ya dishi kuhamia nyingine. Kwa sababu hiyo dishi hili halilengwi kwenye nukta moja kama lile la televisheni. Linahitaji kipande kipana cha anga kisichozibwa na kitu. Kwa watu wa Pwani kizuizi kikubwa ni mnazi. Hata mnazi mmoja mwembamba hukata mawasiliano kwa sekunde chache kila setilaiti inayotumika inapopita nyuma ya kilele chake, na anayetazama video huenda asigundue lolote kwa kuwa video hupakuliwa mbele kidogo, ilhali anayezungumza kwa simu ya video atasikia sauti ikipotea na kurudi mchana kutwa.

Programu ya Starlink ina sehemu ya kukagua vizuizi kwa kamera ya simu. Ifungue ukiwa umesimama pale hasa dishi litakapokaa, hata kama ni juu ya ngazi, kwa maana picha inayochukuliwa uani haiwezi kukueleza hali ya juu ya paa. Acha nafasi ya ziada, kwani pepo za kusi zikishika kasi makuti ya mnazi huyumba na kufika mahali ambapo siku ya ukaguzi hayakuwepo. Kuhusu upande wa kuelekeza dishi, fuata mshale wa programu yenyewe. Maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani husema dishi litazame kaskazini, na sisi tulio karibu na ikweta hatuna sababu ya kuyafuata.

Paa la makuti halibebi dishi. Simika nguzo ya chuma kwa zege kando ya nyumba. Kwenye paa la mabati, hakikisha skurubu zinashika mbao iliyo chini ya bati na ziba kila tundu kwa silikoni kabla masika hayajaanza. Waya unaokuja na dishi la kawaida la kizazi cha tatu una urefu wa mita 15, na kabla haujapenya ukutani uache ulegee na kutengeneza tumbo, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani. Walio karibu na bahari wana kazi moja zaidi, kwani hewa ya chumvi hula viunganishi vya chuma polepole: kila kiunganishi kilicho nje kifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe na kikaguliwe kila mwaka.

Neno la pekee kwa walionunua lile dishi dogo liitwalo Mini. Ruta yake imo ndani ya dishi lenyewe, kwa hiyo ukiliweka juu ya bati unakuwa umeirusha Wi-Fi yako juu ya paa la chuma, na kuku wa jirani watapata mawimbi bora kuliko watoto walio chumbani. Mini ina tundu moja la waya wa mtandao lililofunikwa kwa kizibo. Toa kizibo hicho, vuta waya wa nje hadi ndani, na uuingize katika kisambazi cha Wi-Fi, yaani kifaa cha kurushia Wi-Fi, kilicho sebuleni.

Hatua ya pili: umeme wa usiku kucha

Dishi la kawaida pamoja na ruta yake hutumia wati 75 hadi 100 likiwa kazini, na Mini hutumia wati 25 hadi 40. Tofauti hiyo ina maana kubwa stima inapopotea. Chukua usiku wa saa 10: dishi la kawaida kwa wati 75 linahitaji wati-saa 750, wakati betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200 kwa hesabu ya karatasi, ambazo nusu yake tu ndiyo ya kutumiwa kama unataka betri idumu, na inveta nayo hula sehemu yake. Betri hiyo haitafika alfajiri. Kwa Mini hesabu ni wati-saa 300 hivi, nayo inafika bila wasiwasi. Tena Mini hupokea umeme wa moja kwa moja wa volti 12 hadi 48, hivyo mwenye sola anaweza kuikwepa inveta kabisa, mradi nyaya zake ni nene za kutosha ili volti zisipungue njiani.

Jambo linalosahaulika ni vifaa vya upande wa pili. Dishi likiwaka kwa betri huku swichi ya mtandao (kisanduku kinachogawa waya mmoja kwa vifaa vingi) na visambazi vimezimika pamoja na stima, boma zima linakosa mtandao. Vifaa hivyo hula wati chache sana kila kimoja, kwa hiyo viunganishe vyote kwenye betri ileile au upe kila jengo kibetri chake. Stima inaporudi huja na kishindo; kifaa kilekile kinachokinga friji, kile kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite, kinafaa pia kuikinga ruta.

Hatua ya tatu: ruta moja ndiyo itawale

Katika mtandao wa nyumbani kunapaswa kuwa na kifaa kimoja tu kinachogawa anwani na kutenganisha nyumba na dunia ya nje. Makosa mengi huzaliwa pale mtu anapochukua ruta ya zamani ya kampuni nyingine, akaichomeka kwa waya kwenye ruta ya Starlink kupitia tundu lililoandikwa WAN (la kupokelea intaneti kutoka nje), akaona taa imewaka na kuridhika. Sasa ana mitandao miwili iliyopangana. Simu iliyo dukani haiioni printa iliyo nyumbani, televisheni haionekani na simu, na michezo ya mtandaoni hulalamika, ingawa tovuti za kawaida zinafunguka vizuri kiasi cha kumficha mtu tatizo.

Una njia mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa boma la kawaida, ni kuiacha ruta ya Starlink itawale na kuvigeuza vifaa vingine vyote kuwa visambazi tu. Ya pili ni kuistaafisha ruta ya Starlink kwa kuiwekea ile hali ambayo programu huiita Bypass, kisha kukabidhi utawala kwa ruta yako mwenyewe, kwa mfano ya MikroTik au yenye mfumo wa OpenWrt. Njia hii ina faida zake, nami nitaieleza katika ugawaji wa kasi, lakini ielewe vizuri kabla ya kuichagua: Wi-Fi ya ruta ya Starlink itazimika, na kuirudisha kunahitaji kuifuta ruta irudi katika hali ya kiwandani. Ruta hiyo hutaweza kuifungia kabatini, kwa sababu katika vifaa vya kawaida vya kizazi cha pili na cha tatu ndiyo inayolipelekea dishi umeme.

Kabla ya kununua chochote, tazama ruta yako ina matundu gani. Ya kizazi cha tatu ina matundu mawili ya waya wa mtandao nyuma ya kifuniko kinachovutika. Ya kizazi cha pili haina hata moja, na utahitaji kununua kiunganishi chake maalumu. Ukipata tundu moja, hilo linatosha, kwa kuwa swichi ndogo ya matundu matano au manane italizidisha.

Hatua ya nne: waya kati ya majengo

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo fedha zako zinapopaswa kwenda. Waya wa mtandao wa daraja la Cat5e au Cat6 hubeba mawasiliano hadi mita 100 bila kuhitaji kifaa cha kusukuma katikati, na boma letu lenye mita 60 limo ndani ya mipaka hiyo. Tatizo ni ubora wa waya wenyewe. Madukani mmejaa waya wa alumini iliyopakwa shaba kwa juu, unaouzwa kwa jina na rangi ileile ya waya wa shaba tupu. Omba ukatiwe kipande, kwaruza uzi mmoja kwa kisu, na utazame ndani: shaba ya kweli ni nyekundu hadi kwenye kiini, na ya bandia huonyesha weupe mara tu ngozi inapotoka. Bunda la alumini pia ni jepesi mkononi. Waya huo hukatika upesi ukikunjwa, hupoteza nguvu katika masafa marefu, na ukipitishiwa umeme wa kuendesha kisambazi hupata joto kuliko inavyotakiwa.

Kwa sehemu ya nje chagua waya wenye ganda jeusi lililotengenezwa kustahimili jua, kwani ganda la kijivu la ndani hupasuka baada ya misimu michache. Uzike ndani ya bomba la plastiki katika mtaro wa kina ambacho jembe halifiki, na mtaro huo usifuatane sambamba na waya wa stima; ukilazimika kuuvuka, uvuke kwa pembe mraba. Ndani ya bomba acha pia kamba ya kuvutia, kwa sababu siku waya utakapoharibika utaishukuru kamba hiyo kuliko kitu kingine chochote ulichonunua.

Plagi za mwisho unaweza kuzibana mwenyewe kwa koleo maalumu. Menya ganda kiasi cha sentimita mbili na nusu, fumua jozi nne za nyuzi, zinyooshe kwa vidole mpaka zilale bapa, kisha zipange kutoka kushoto kwenda kulia namna hii: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye mstari wa kijani, buluu, nyeupe yenye mstari wa buluu, kijani, nyeupe yenye mstari wa kahawia, kahawia. Shika plagi ulimi wake ukiwa umegeuzwa mbali nawe na tundu la kuingizia waya likiwa chini. Kata ncha zote kwa urefu mmoja, zisukume mpaka uone rangi zimegota kwenye ukuta wa mbele wa plagi, na uhakikishe kwamba ganda la nje nalo limeingia ndani ya plagi kabla ya kubana, kwa kuwa plagi inayoshika nyuzi tupu hung'oka kwa mvuto wa kwanza. Fanya mpangilio uleule upande wa pili. Kipimio cha bei nafuu chenye taa nane kitakuonyesha kama kila uzi umefika, nacho ni cha lazima: jozi mbili zikiwa nzima, mtandao utafanya kazi kwa megabiti 100 kwa sekunde na hutashuku lolote, ilhali jozi zote nne zingekupa gigabiti nzima.

Kisha kuna radi. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili ni njia iliyonyooka ya kuivusha radi inayopiga karibu, na hata pasipo radi, majengo yenye udongo wa umeme (earth) tofauti huweza kusukumiana mkondo usiotakiwa kupitia waya huo. Kinga ndogo za waya wa mtandao, zikiwekwa kila upande na kufungwa kwenye chuma cha udongo kilichopigiliwa ardhini, hupunguza hatari. Zikifungwa pasipo chuma hicho zinabaki mapambo, na mafundi wengi huzifunga hivyo. Dawa kamili ni kutumia faiba kati ya majengo: nyuzi zake za kioo hazipitishi umeme, hupatikana zikiwa tayari zimefungwa viunganishi kiwandani, na huhitaji kigeuzi kimoja kila mwisho cha kubadilisha mwanga kuwa mawimbi ya waya wa kawaida. Kwa boma lililo juu ya kilima cha Taita, au kwa wasomaji wa kando ya Ziwa Victoria ambako radi ni jambo la kila juma, nisingefikiria mara mbili kabla ya kununua faiba.

Kama mtaro hauwezekani, kwa mfano kwa kuwa kuna barabara ya watu katikati, tumia jozi ya antena za nje zinazotazamana, moja kila jengo, zikiwa na mwanya wa kuonana bila mti wala ukuta. Jozi hiyo hufanya kazi ya waya na hupokea umeme wake kupitia waya wa mtandao. Usiichanganye na vile vijirudishaji vya bei rahisi vinavyochomekwa ukutani, ambavyo hupokea na kurusha kwa redio ileile na kwa hiyo hukata kasi karibu nusu kabla hata hujaanza kuitumia.

Hatua ya tano: visambazi ndani ya nyumba

Waya ukishafika katika kila jengo, weka kisambazi kimoja cha Wi-Fi katikati ya jengo hilo, juu ya kimo cha mtu, mbali na friji na kabati la chuma. Darini chini ya mabati si mahali pake: mchana huko ni tanuri.

Ukitumia ruta ya zamani kama kisambazi, iandae ikiwa peke yake kabla ya kuiunganisha. Nyingi zina hali iliyoandaliwa kwa kazi hii, iliyoandikwa AP (yaani kisambazi tu), na ukiichagua kazi imekwisha. Kama haina, ingia katika mipangilio yake, badilisha anwani yake iwe 192.168.1.250, zima huduma ya kugawa anwani iliyoandikwa DHCP, kisha chomeka waya katika mojawapo ya matundu ya LAN (ya vifaa vya ndani) na uliache tundu la WAN wazi. Kubadilisha anwani si hiari, kwa kuwa ruta ya Starlink hutumia 192.168.1.1, na ruta nyingi za madukani hutoka kiwandani zikiwa na anwani hiyohiyo. Ukiziunganisha zikiwa hivyo, mtandao mzima utayumba bila sababu inayoonekana.

Vipe visambazi vyote jina moja la Wi-Fi na nenosiri lilelile, ili simu ihame yenyewe kutoka kimoja hadi kingine mtu anapotembea uani. Katika masafa ya gigahezi 2.4 tumia chaneli 1, 6 na 11 peke yake, kila jengo na yake, maana nyinginezo huingiliana. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta wa mawe, na hiyo kwa boma la majengo mengi ni neema, kwani majengo hayasumbuani. Usiongeze nguvu ya urushaji hadi mwisho. Kisambazi chenye kelele husikika mbali, ila simu yenye redio dhaifu haiwezi kukijibu kutoka huko, na matokeo yake ni simu inayoonyesha vijiti vyote huku haifungui kitu.

Anayependa ruta za meshi za Starlink, yaani ruta kadhaa zinazoshirikiana kama mtandao mmoja, anaweza kuzitumia, lakini ajue kwamba ruta ya Starlink hujenga meshi na ndugu zake tu, haichanganyiki na meshi ya kampuni nyingine, na kwamba meshi yoyote hupendeza zaidi ikiunganishwa kwa waya.

Hatua ya sita: kugawa kasi kwa haki

Kasi ya kupakua inayotolewa na setilaiti hizi kwa kawaida inatosha familia nzima. Finyu ni njia ya kupandisha, ambayo mara nyingi huwa kati ya megabiti 5 na 20 kwa sekunde. Simu moja inayohifadhi picha za harusi mtandaoni inaweza kuijaza njia hiyo peke yake, na ikishajaa, hata anayesoma barua pepe anahisi ugumu, kwa sababu kila ombi lake la kufungua ukurasa linapanga foleni nyuma ya picha. Basi kabla ya kununua kifurushi kikubwa zaidi, pita katika simu za nyumbani na uweke uhifadhi wa picha ufanyike usiku, na katika kompyuta za Windows uweke alama kwamba mtandao huu unapimwa (metered connection), ili masasisho makubwa yasijishushe yenyewe mchana. Ushauri huo unawahusu hasa wenye vifurushi vyenye kikomo kama kile cha gigabaiti 50 kilicholetwa Kenya mwaka 2024, kwa kuwa saa moja ya video yenye ubora wa juu inaweza kumaliza gigabaiti 3.

Wanaotaka udhibiti kamili ndio wanaohitaji ile njia ya Bypass na ruta yao wenyewe. Ruta yenye OpenWrt ina uwezo wa kupanga foleni kwa haki ili hakuna kifaa kimoja kinachowaziba wengine. Iwekee kikomo cha asilimia 80 hivi ya kasi uliyopima saa za jioni, kwani kasi ya setilaiti hupanda na kushuka, na kikomo kilichopimwa alfajiri hakitasaidia saa mbili za usiku. Kwenye MikroTik unaweza kuipa nyumba ya vijana kiwango chake na duka kiwango chake. Kwa wateja wanaosubiri dukani, fungua mtandao wa wageni wenye jina lingine na nenosiri lake, uliotengwa na kompyuta za nyumbani.

Anayetumia setilaiti ya mbali, ile inayokaa juu ya ikweta katika kimo cha kilomita 35,786, afuate hatua zote zilizotangulia akiwa na matarajio tofauti. Ombi na jibu lake husafiri umbali huo mara nne, na hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde, ambayo hakuna ruta itakayoipunguza. Modemu za huduma hizo hutumia mbinu za kuharakisha upakuaji kwa kujibu kwa niaba ya seva, na mbinu hizo hushindwa kazi ukipitisha kila kitu ndani ya VPN, ile njia ya mtandaoni iliyofichwa kwa siri. Ndiyo sababu mfanyakazi wa ofisi anayeunganisha kompyuta yake na mtandao wa kazini huona kasi imeanguka ghafla.

Kamera, na jirani

Starlink huwagawia wateja wengi wa nyumbani anwani moja ya pamoja ya IPv4 (ile anwani ya kawaida ya intaneti), na kwa hiyo huwezi kuifungulia kamera yako mlango na kuitazama kutoka Mombasa kwa njia ya zamani. Nunua kamera inayopitia seva ya mtengenezaji wake, au weka huduma kama Tailscale kwenye kompyuta inayobaki imewaka nyumbani, ambayo huanzisha mawasiliano kutoka ndani kwenda nje na hivyo haihitaji mlango wowote.

Kuhusu jirani anayeomba kuchangia bili ili apate waya: kumpa mgeni nenosiri ni ukarimu, bali kuuza intaneti kwa umma nchini Kenya ni biashara inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na masharti ya kifurushi cha nyumbani hayaruhusu kuiuza tena. Walio katika nchi nyingine wahakikishe kwanza kwamba huduma yenyewe imepewa leseni kwao.

Kupima mahali penye kasoro

Mtandao ukienda taratibu, usianze kwa kuzima na kuwasha kila kitu. Chukua kompyuta, simama pale kasoro inapoonekana, fungua dirisha la amri na uandike ping 192.168.1.1, yaani umwite mtawala wa mtandao wako. Aliyekwenda kwa njia ya Bypass aweke anwani ya ruta yake. Kwa waya jibu linapaswa kurudi chini ya milisekunde 1 au 2, na kwa Wi-Fi nzuri chini ya 10. Likirudi baada ya milisekunde 80, au likipotea mara kwa mara, tatizo limo bomani. Lirudie jaribio hilo kwa waya kwenye swichi ya jengo hilo: likipona, kosa ni la kisambazi au mahali kilipowekwa, lisipopona, fuata waya hadi kwenye plagi.

Mtawala akijibu upesi, ita ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Hapo ndipo setilaiti inapoingia katika hesabu, na makumi ya milisekunde ni jambo la kawaida. Majibu yakipotea kwa vipindi vifupi vinavyojirudia, fungua ukurasa wa vizuizi katika programu ya Starlink, ambao baada ya saa kadhaa huchora anga lote na kuonyesha kwa rangi sehemu iliyozibwa. Kivuli chembamba upande mmoja kina maana kwamba mnazi umeota makuti mapya, na dawa yake ni mkwezi mwenye panga au nguzo ndefu zaidi. Yakipotea wakati wa mvua kubwa pekee, hakuna cha kurekebisha, subiri wingu lipite. Na yakidhoofika kila jioni kati ya saa moja na saa nne za usiku huku anga ni safi, wateja wa eneo lako wote wako mtandaoni kwa wakati mmoja; shusha kikomo cha ruta yako kwa saa hizo na uyahamishe masasisho na uhifadhi wa picha hadi baada ya usiku wa manane.